Sauti ya Mama

Juzi, kwenye duka la dawa, bibi mmoja aliambiwa vidonge vyake vya tezi ya shingo vimekwisha. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu, kwetu kisiwani Kiegeani. Jua lilikuwa kali, uani kunanuka mwani unaokauka, na mama kajifunika blanketi.

"Niletee kanga, nasikia baridi," aliniambia kwa sauti nzito, ya kukwaruza, kama si yake.

Nilimkimbilia shangazi. "Mama kapandwa na jini!"

"Si jini, mwanangu. Dawa zake za tezi zimekwisha, ndiyo maana anasikia baridi na sauti imebadilika, na hospitali hawana mpaka zije kutoka Dar."

"Zitakuja lini?"

"Mungu ndiye ajuaye."

Leo naelewa. Siku ile nilirudi na kanga, nikaishia mlangoni. Mama alininyooshea mkono wake uliovimba, nami, bado nikiogopa jini, nikashindwa kuingia.