Zamu Yangu ya Maji Imerudi

Jamani, leo mnivumilie! Nina furaha mpaka miguu haitulii, na Mchungaji kanipa dakika chache tu.

Mnanijua, Mama Agripina, mkulima wa vitunguu wa hapa hapa Malolo. Zamani zamu yangu ya maji ikifika naingia mferejini na jembe begani, naimba. Aliyechelewa kunifungulia maji alinitambua!

Kisha tembo wakatuvamia shambani tukipalilia. Mimi na binti yangu Agripina tulikimbia, tukapona. Lakini mwili wangu haukuacha kukimbia. Tawi likivunjika tu, moyo unadunda, jasho linanitoka, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakata.

Wifi yangu akanihurumia. Hapa kwetu dawa tunaombana kama chumvi, msijifanye hamjui. Akaniletea vidonge vya kutuliza hofu alivyoacha marehemu mjomba wake. "Meza kimoja wifi, utatulia." Nikatulia kweli! Vilipokwisha nikanunua vingine duka la dawa. Kimoja kikawa viwili, miezi ikapita, na hakuna aliyenipima.

Asubuhi moja ya zamu yangu nilifungua maji, nikaketi kidogo tu kwenye tuta. Nikalala fofofo. Maji yakavuka kwa jirani yangu, Mzee Lameck, yakasomba miche yake yote, na jembe langu likaenda nayo. Niliamka namwona mzee mzima analia. Kamati ya mfereji ikaninyang'anya zamu mpaka nipone. Na kwetu kitunguu ndicho kila kitu, bila maji tunakula nini?

Kwa aibu nikatupa vidonge vyote chooni, nikaja hapa mbele nikatangaza kwamba nimeacha. Mkanipigia vigelegele! Siku chache baadaye mikono ilitetemeka hata uji ukanimwagikia, usingizi ukapotea, mwishowe nikaanguka jikoni kwa degedege. Wengine mkasema nimerogwa. Mume wangu hakubishana na mtu, akakodi gari mpaka hospitali Mikumi.

Daktari alikuwa binti wa rika la Agripina. "Shikamoo mama." Nikaitikia marahaba, meno yakigongana.

"Mama, dawa hii si sumu, wala si pipi," akasema. "Kwa muda mfupi, ukiangaliwa, inasaidia. Ukiizoea, mwili unaidai. Inasinziisha, na ukichanganya na pombe inaweza kukata pumzi. Na ukishaizoea, kuiacha ghafla ni hatari. Ndiko kulikokuangusha."

Mume wangu akadakia, "Kumbe kama maji! Yakizidi, kitunguu kinaoza. Ukiyakata ghafla, kinanyauka."

Daktari akacheka. "Baba, umenimalizia kazi."

Alinirudishia dawa kwa kipimo chake, kisha akaipunguza kidogo kidogo. Akanifundisha kupumua taratibu, akanipeleka kwa mshauri, nikamsimulia habari za wale tembo mpaka wakawa tembo tu. Haikuwa rahisi. Kuna wiki nilimchukia daktari, mume wangu na hata jogoo. Lakini haba na haba! Leo simezi tena, na aliyeniachisha ni daktari, si ubishi wangu.

Basi ndugu zangu, ukiandikiwa dawa ya hofu usione haya kuimeza. Uliza ni ya muda gani, ina madhara gani, na inaachwaje. Ya mwenzio usiiguse. Nawe unayemeza sasa, usikimbilie chooni kuitupa kwa sababu ya ushuhuda wangu! Nenda kaongee na daktari.

Namshukuru Mungu, yule binti daktari, na mume wangu. Na Mzee Lameck, yule pale nyuma anayejificha. Juzi alikuja nyumbani. Nilimwamkia kwa woga, nikajua kaja kudai miche yake. Kumbe kabeba jembe langu, lile lililosombwa, kalitia mpini mpya.

"Kamati imekurudishia maji, kesho ni zamu yako," akasema. "Usilale."

Jana nikafungua maji, nikasimama wima, nikaimba mpaka nikayafunga kwa mkono wangu. Mzee Lameck, simama uwaambie: shamba lako lilipata hata tone?