Povu Kichwani mwa Furaha

Gaspari aliipiga teke ndoo ya mama, na mdogo wangu Furaha, mtoto mchanga, bado ana povu kichwani. Niliyoyapitia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania ni mengi, ila hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Gaspari ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba, na mama alikuwa amemwambia mbele ya foleni kwamba anawapendelea ndugu zake. "Haya, kamsuuze kwa huo mdomo wako!" Gaspari akamjibu. Mama akamfuta Furaha kwa kitenge, mtoto analia, macho yanamwasha.

Nimeyakumbuka hayo Jumamosi, niko uchi kama nilivyozaliwa, hapa hapa Sydney. Keiko, Mjapani tunayefanya naye kazi ya kuogesha wazee, alinipeleka kwenye bafu la watu wote, la desturi ya kwao. Wanawake upande wao, wanaume wao. Kabla ya kuingia bwawa la maji ya moto unakaa kwenye kigoda, una beseni lako, unajisugua mpaka utakate. Maji ya bwawa ni ya wote, hayachafuliwi. Jamani, niliipenda adabu hiyo!

Enzi zetu, kabla hatujakimbia Burundi, tulikuwa na chemchemi ya maji ya moto chini ya kilima. Ilinuka mayai viza na tuliipenda hivyo hivyo. Bibi alitusugua visigino kwa jiwe: "Vumbi la leo usilale nalo." Tulitoka ngozi inang'aa, tukala viazi vitamu vya baridi. Binti yangu hapa Rooty Hill, mtaa wetu wa Sydney, anaoga nusu saa nzima, simu inamwimbia, halafu anatoka na visigino vile vile.

Basi pale kwenye kigoda mazoea yakanishinda. Nikajaza beseni moja, nikafunga bomba, nikachota kidogo kidogo kwa kiganja, nikaoga mwili mzima. Yaliyobaki nikamsogezea Keiko, maana kambini aliyetangulia humwachia anayefuata. Na bomba lake linatiririka! Aliniangalia, hakucheka. Akalipokea beseni kwa mikono miwili, akajimwagia miguuni. "Asante, dada," akasema, neno nililomfundisha mimi kazini. Kisha akanisugua mgongo kama bibi. Nililia ndani ya mvuke ule, hakuna aliyejua.

Zamani maji ya moto yalitoka ardhini bure, na bibi yupo. Leo nayafuata kwa treni, nasuguliwa na mgeni mwenye utu kuliko watu wa kwetu. Maana Gaspari naye yupo huku Sydney, mtaa wa Minto, anaimba kwaya kanisani, watoto wanamwita babu. Misibani ananipa mkono kama hakuna kitu. Mama amekufa akilisubiri neno lake moja la samahani.

Gaspari, usome mwenyewe au usomewe: Jumapili nitakaa kiti cha mbele. Simama mbele ya kanisa zima utujibu. Mtoto yule alikukosea nini?