Mto Nilioufuta kwenye Ramani

Siku mto wetu ulipokauka katikati ya masika, watu walishangilia. Mimi niliingiwa na hofu, na kilichonitisha ni gemu.

Usicheke kwanza. Nisikilize.

Naitwa Yogesh, mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Moro mjini. Tunakaa pembezoni, pale milima ya Uluguru inapoanza kupanda, kwenye nyumba ambayo baba alijenga miaka sita iliyopita. Kiwanja tambarare, kizuri. Mto uko hatua kama mia tatu kutoka getini.

Mimi na rafiki yangu Amosi tunacheza gemu moja la vita vya kale. Unajenga mji, unalima, unakusanya jeshi, unamvamia jirani.

Humo ndani mto ndio kila kitu. Mji usio na mto haukui. Jeshi likishambulia huku linavuka, linapigwa likiwa majini.

Ila ujanja mkubwa ni huu: aliye juu anaweza kuuziba mto. Wewe wa chini unaona maji yamepungua, unafurahi, unavusha jeshi kirahisi. Zamu tatu baadaye anazibua. Jeshi lote linakwenda na maji.

Amosi kanifanyia hivyo mara nyingi, halafu anacheka hadi anakohoa.

Gemu linakuruhusu kuchora ramani yako mwenyewe. Mwaka jana tukachora Morogoro. Amosi ni Mluguru, na ardhi ya ukoo wa mama yake zamani ilishuka mpaka mtaani kwetu. Kwa hiyo milima na mito alichora yeye.

Mto mmoja ukanichanganya. Ulipita katikati ya kiwanja chetu.

"Oya, huu umeutoa wapi? Kwetu hakuna mto."

"Mjomba Kondo alinionyesha. Zamani ulipita hapo, baadaye ukahama. Ndiyo maana ukoo wetu haujengi kwenye ule ukanda, wala haulimi. Mliojenga ni nyie wageni."

Mimi nilitaka mji wangu mkuu ukae palepale nyumbani. Amosi alipotoka kununua chipsi, nikaufuta ule mto. Kitufe kimoja tu.

Aliporudi alikasirika kweli. Akasema nimeidanganya ramani. Nikamwambia asinizingue, ni gemu.

Sasa njoo Aprili hii.

Mvua ilinyesha mlimani siku tatu mfululizo. Amosi alikuwa huko juu kwa mjomba wake. Jumamosi, saa nane mchana, nikasikia kelele za furaha kutoka mtoni, nikaenda kuchungulia.

Mto haukuwa na maji. Vidimbwi tu. Watu kumi na tano hivi walikuwa wameingia na makoleo na ndoo, wanachota mchanga. Mkubwa wao ni mzee Ramadhani, anayetuuzia mchanga dukani.

"Shikamoo mzee. Maji yamekwenda wapi?"

"Marahaba, Yogi. Leo tumepewa neema! Mchanga msafi huu, baba yako ataufurahia."

Nikatazama mlimani. Wingu jeusi lilikuwa limekaa kileleni, mvua bado inamwagika. Mvua juu, maji hakuna chini.

Zamu tatu.

Jamani, niliogopa. Nikapiga kelele.

"Tokeni mtoni! Kuna kitu kimeziba huko juu, kikiachia tumekwisha!"

Mama mmoja anaitwa Judith akachomeka koleo lake mchangani, akashika kiuno. "We umejuaje?"

Ningesema gemu? Nikadanganya. "Amosi kapiga simu, yuko huko juu."

Wakaanza kutoka, wengine wananung'unika. "Twende wapi sasa?"

"Kwetu! Kwetu ni salama."

Kichwani niliiona ramani yangu, mji wangu mkuu umekaa pakavu.

Baba na dada yangu Geeta walikuwa dukani. Nyumbani alikuwepo mama peke yake, Mama Geeta, amekaa kibarazani, mguu uko kwenye plasta ngumu. Alivunjika wiki mbili kabla, hata kusimama hawezi.

"Yogi, wageni wote hawa na matope? Haya karibuni, chai ipo."

Mimi nikajiona jemadari. Simu ikaita.

Alikuwa Amosi. Safari hii kweli.

"Yogi! Mlima umeporomoka, miti na matope vimeziba mto huku! Maji yamepata njia ya pembeni, yanashuka kule kwa zamani!"

"Kwa zamani wapi?"

"Pale nilipochora! Pale ulipofuta!"

Nikaishusha simu. Nikawatazama watu wote pale uani. Mama yangu, Judith, mzee Ramadhani na kikombe mkononi. Wote nimewapanga mimi, mmoja mmoja, mbele ya maji.

Nyuma ya ukuta kulikuwa na mngurumo, kama lori linamwaga kokoto bila kumaliza.

"Mzee," nikasema nikilia, "nimewaleta pabaya. Yanakuja huku."

Hakuuliza kwa nini. Aliweka kikombe chini. "Pa kupanda ni wapi?"

"Shuleni, kule juu."

Mama si mwepesi, na mimi nimekonda hata gunia la saruji linanishinda. Wanaume wanne wakakinyanyua kiti na yeye juu yake. Judith akaushika ule mguu. Mama alikuwa analia, "Niacheni, kimbieni nyie!"

"Nyamaza dada, shika bega langu," mzee Ramadhani akamwambia, na wakakimbia.

Tulipofika uwanja wa shule, ukuta wetu wa nyuma ulianguka. Maji ya rangi ya chai yakaingia na magogo, yakachukua kibaraza, yakachukua jiko. Yalipita palepale kwenye mstari wa Amosi, mpaka ile kona aliyoichora.

Halafu nikageuka upande wa mtoni.

Koleo la Judith lilikuwa bado limesimama mchangani. Kavu.

Wangebaki kule, wasingelowa hata unyayo.

Mtaani wananiita shujaa kwa sababu niliwatoa watu mtoni. Nimekaa na jina hilo wiki tatu, silali vizuri. Juzi nikaenda kwa mzee Ramadhani, nikamweleza yote: gemu, uongo wa simu, mto nilioufuta.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Ungetuacha kule, mama yako angebebwa na nani?"



Hivyo usiniite shujaa. Niliokoka kwa kosa langu mwenyewe, na kwa mabega ya watu niliokuwa nimewapeleka kufa. Chukua hili moja tu: ukikuta wenyeji wameacha ardhi nzuri tupu, waulize sababu kabla hujaweka msingi.

Baba naye amekwenda kwa mjomba Kondo, kuuliza alichopaswa kuuliza miaka sita iliyopita. Mimi nimeurudisha mto kwenye ramani, kwa mkono wangu, na Amosi amekaa pembeni ananisahihisha kona.