Kiingereza cha Karatasi za Karanga

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi alasiri. Nina hakika na saa hiyo, kwa sababu shule ilifungwa saa kumi kamili, na kutoka pale hadi kwa Mama Furaha zilikuwa dakika kumi hata kwa mtoto mwenye njaa. Harufu ilinipokea kabla sijamwona: karanga za moto, chumvi, na moshi mwembamba wa makaa. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo, jicho langu hutafuta kwanza karatasi, halafu ndiyo karanga.

Mama Furaha aliuza karanga Mbugangari, mtaa wetu pale Gisenyi, Rwanda. Alizipima kwa kikombe kidogo cha kahawa, faranga kumi kikombe, akazimimina katika karatasi aliyoikunja kama pembe. Karatasi alizinunua kwa kilo huko Goma, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, chochote kilichoandikwa na kusahaulika. Siku hiyo alikuwa anachana kitabu kinene kisicho na jalada, ambacho nusu yake ya kwanza ilikuwa imekwisha kuliwa na wateja wengine. Nilipomaliza karanga zangu nikaikunjua karatasi, nikaifuta mafuta kwenye sketi. Kilikuwa Kiingereza.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Sisi tulikuwa tumerudi kutoka Kongo na Kifaransa chetu. Wengine walirudi kutoka Uganda na Kiingereza chao, na hicho ndicho kilichokuwa kimeanza kukaa kwenye viti vya maofisini. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliamini kwamba nimeokota mali.

Nilimsihi Mama Furaha kitabu kile aniwekee mimi peke yangu, wateja wengine awafungie kwa magazeti.

"We mutoto," akaniuliza, "unakula karanga ao unakula karatasi?"

"Vyote, mama."

"Bon. Lakini siku nikikuona kwa muuzaji mwingine, kitabu nakitia moto."

Nikanunua kila siku ya shule, nusu karatasi kwa siku, mpaka zikatimia karatasi nzima kumi na mbili. Maana ya maneno niliipata kwa Jovia, msichana wa miaka ishirini hivi aliyekulia Uganda. Alikaa mlango wa nne kutoka kwetu na kusuka watu nywele. Nilimshikia karatasi mbele ya macho, naye akajibu bila kuachia kichwa alichokuwa anakisuka.

"Hii, 'astonished'?"

"Kushangaa."

"Na 'amazed'?"

"Kushangaa tu."

"Na 'dumbfounded'?"

"Kushangaa mpaka mdomo unakufa."

"Na 'speechless'?"

"Yewe! Si nimesema mdomo umekufa? Hiyo ni maiti ileile."

Sikujua wakati huo kwamba kuna vitabu vinavyopanga maneno kwa maana zake, yale yanayofanana yakakaa pamoja, kila moja na sentensi zake za mfano. Nilidhani Kiingereza chote kiko hivyo.

Baba alikuwa mpiga taipu. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na minane Goma kwa mnunuzi mmoja wa kahawa, na tangu turudi alikuwa hajapata mashine ya kugusa. Tuliishi kwa nyanya alizouza mama. Kila alfajiri alivuka mpaka na kikapu kichwani, na kila jioni alikaa kitandani akijikanda magoti yaliyovimba. Kisha habari ikaja kwamba ofisi moja mjini inatafuta mpiga taipu, mshahara wa kila mwezi, na kwamba shefu, mkuu wa ofisi hiyo, ametoka Uganda. Baba alipewa wiki tatu ajiandae. Mama alisema neno moja tu: "Nikipumzika hata mwaka mumoja, inanitosha."

Tangu siku hiyo baba alianza kuniita baada ya chakula. Aliniita mama, kwa kuwa nimechukua jina la mama yake.

"Bon, mama. Leta masomo yako. We soma, mi nasahihisha."

Nilisoma karatasi zangu moja moja, zikinuka chumvi. Baada ya kila neno alilirudia polepole, kichwa ameinamisha upande, kama mwalimu anayepima. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya goti, vikipiga kila herufi mahali pake. Hakunisahihisha hata mara moja. Nilijivuna sana. Nilidhani sikosei.

"Hawa Waingereza wanashangaa sana," alisema jioni moja. "Donc inchi yao iko na mambo."

Siku ilipofika alivaa koti lililopigwa pasi kwa fundi mwenye pasi ya makaa, akanipa bahasha yenye vyeti na picha zake niibebe, isije ikakunjika. Tulitembea hadi mjini, yeye mbele, mimi nyuma nikiishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

Shefu alikuwa kijana mpole. Aliniruhusu kukaa kwenye benchi karibu na mlango. Alimpa baba barua ya Kifaransa ainakili, na mashine ikaanza kulia. Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akifanya kazi yake. Hakusimama, hakutazama vidole, mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyefika kwake. Shefu aliinua ukurasa kuelekea dirishani, akatafuta kosa, akalikosa. Akatabasamu. Katibu wake, mwanamke mnene aliyekaa kwenye meza ya pili, naye akatabasamu.

Halafu shefu akauliza kitu kwa Kiingereza.

Baba aliinua kidevu. Shefu akarudia, polepole zaidi. Nikaona vidole vya baba vimeanza kucheza juu ya paja, nikajua anachofanya: anapitia karatasi zote kumi na mbili. Mimi nilikuwa nazipitia pamoja naye. Maneno yalikuja yote, kwa mpangilio, hakuna hata moja lililokosekana, na kila moja lilinieleza tu kile kilichokuwa kinatupata. Sikuwa na neno la kazi. Sikuwa na neno la mwaka. Sikujua hata kusema kwamba huyu ni baba yangu.

"Sir," baba akasema, "I am dumbfounded."

Lilikuwa neno sahihi kabisa. Tangu hapo nimesoma vitabu vingi vya lugha ile, vya kuazima na vya kununua, na sijakutana na mtu aliyelitumia mahali pake kuliko baba.

Shefu alicheka kutoka tumboni. Katibu akauliza kwa Kinyarwanda mzee amesemaje, akaambiwa, akajifunika uso kwa faili. Hapakuwa na ubaya ndani ya kicheko kile, na hilo ndilo lililonimaliza nguvu, kwa kuwa sikupata wa kumchukia. Baba naye akacheka kidogo, kama mgeni aliyekuta hadithi imefika mwisho.

"Muzee," shefu alisema akifuta macho, "mashine unaijua kushinda sisi wote. Lakini barua zangu zote ni za Kiingereza. Ungekuwa nacho hata kidogo tu."

Tulirudi kwa miguu. Nilingoja lawama mpaka tukaingia Mbugangari, ndipo nikashindwa.

"Papa, ni mimi—"

"Hapana."

Akasimama kwa Mama Furaha, akatoa faranga kumi.

"Ee, leo binti kaleta baba yake!" Mama Furaha akasema, akachana ukurasa wa kile kitabu bila kuambiwa.

Baba alinimiminia karanga zote mikononi. Karatasi akainyoosha juu ya goti, akanipa.

"Soma, mama."

Nikasoma. Kulikuwa na neno jipya, 'thunderstruck', na kwa sentensi iliyofuata nikaona ni maiti ileile. Baba akalirudia kwa sauti, palepale njiani, watu wakipita na ndizi zao na baiskeli zao. Alikosea.

"Sivyo, papa."

Akarudia tena. Akakosea tena, akarudia.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba zile jioni zote mwanafunzi alikuwa yeye. Bahasha ingekaa vizuri tu kwapani kwake. Alinichukua mimi ili asiingie peke yake. Na Jovia alikuwa mlango wa nne. Baba alimsalimia kila asubuhi, na hakuweza kumwomba msichana wa miaka ishirini amfundishe kusema, "Nimefanya kazi hii miaka kumi na minane." Mimi ningeweza. Lakini mimi nilimwuliza yaliyoandikwa kwenye karatasi tu.

Jioni mama aliyasikiliza yote huku akijikanda magoti, kisha akauliza safari imetutoa kiasi gani. Baba akahesabu: picha mia sita, bahasha hamsini, kupiga pasi koti mia moja. Akanitazama, akaongeza karanga, kumi.

Mama akajumlisha, akivuta kikapu chake cha alfajiri: faranga mia saba na sitini.