Kitongoji Kisichoniuliza Mimi ni wa Nani

Buuuuu... kimya kidogo, kisha tena, buu-bu-buuuuu. Hadi leo nikifumba macho nalisikia lile baragumu, zito, kama linatoka ndani ya udongo na si mdomoni mwa mtu. Nayaandika haya mchana kweupe, nina akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka, hata rafiki yangu Rehema alicheka. Lakini viganja vyangu ninavyo, na jambo hili lilinipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa msusi kwenye saluni karibu na stendi ya Same, mimi na Rehema. Shule niliishia kidato cha nne, matokeo yenyewe tusiyataje. Lakini ndoto nilikuwa nazo, na kanisani kwetu ikatokea nafasi ya vijana kwenda Ujerumani mwaka mmoja kuhudumia wazee. Nikaomba. Nikapata! Wewe unaijua furaha ya namna hiyo? Siku ile nilimsuka mteja mistari ikaenda upogo, akanirudishia kichwa nifumue.

Ila nilitakiwa kuchagua mwenyewe nyumba ya kuishi, na jibu litoke kabla ya Jumapili. Nyumba zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kando ya msitu, ya mume na mke wapole ajabu. Tulipoongea kwa video, Kiingereza changu cha kuokoteza na simu ikitafsiri pale kiliponiishia, walitabasamu mwanzo hadi mwisho. Kila nilichouliza, jibu lilikuwa hakuna shida, karibu. Ya pili ilikuwa ghorofani katika mji mdogo, kwa bibi mjane anayelea wajukuu wawili. Huyo alinihoji kama hakimu. Wazazi wangu wanafanya kazi gani? Ninakoroma? Kwa nini nataka kuondoka kwetu? Akamalizia kwamba kwake chakula cha jioni ni saa kumi na mbili na nusu, atakayechelewa atakikuta kimepoa.

"Huyo atakutoa roho," Rehema akasema, kitana mdomoni. "Nenda msituni kwa wapole, shoga, ukapumzike."

Na mimi nilikuwa natafuta nini zaidi? Utulivu na watu wema, basi. Ugenini huna shangazi wa kukimbilia. Tena tulishaambiwa: ukishindwa kuishi na wenyeji wako, unarudishwa nyumbani. Kukosea nyumba ilikuwa ni kuipoteza safari yote. Kwa hiyo Ijumaa nikapanda gari la Mbaga, kwetu milimani, kwenda kumuaga bibi yangu, Bibi Namsifu, na moyoni nilikuwa nimeshaamua: naenda kwa wale wapole.

Gari liliniacha sokoni kama saa nane mchana. Kwa bibi ni mwendo wa saa nzima kwa njia ya mkato. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa kwetu unaokuficha hata miguu yako mwenyewe. Sikuogopa, njia ile naijua tangu nabeba majani ya ng'ombe. Ndipo lilipolia.

Kama wewe si wa kwetu, elewa hivi. Baragumu likilia milimani ni msaragambo, kazi ya pamoja: kuzibua mfereji, kutengeneza barabara, kuziba ukingo wa bwawa. Kila nyumba itoe mtu. Mpare hasikii baragumu akapita zake. Ni aibu itakayomfuata hadi kwenye harusi yake. Basi nami, begi mgongoni, sikujiuliza ni zamu ya kina nani wala ni siku gani. Nikageuka, nikaufuata mlio. Hilo ndilo kosa langu.

Niliwakuta watu kama ishirini, wanaume kwa wanawake, wamejipanga kwenye mfereji, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja. Nikasema, "Shikamooni!" Wakaitikia wote, polepole, "Marahaba." Mama mmoja mwenye kitenge kilichopauka akanipa jembe. Mpini wake ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Nikalima nao.

Niamini, sijawahi kuwa mahali patulivu namna ile. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna aliyemsema mwenzake kwamba kipande chake amekiparua tu. Kila nilipoinua macho nilikuta mtu ananitabasamia. Baadaye yule mama akanionyesha kwa kidevu nyumba iliyokuwa kati ya migomba, mlango wazi.

"Ile haina mtu," akasema. "Ni yako. Hapa ni kimya. Watu ni wema. Kaa."

Utasema ungekimbia. Mimi sikukimbia! Machozi yalinilenga kwa jinsi nilivyoguswa. Si ndicho nilichokuwa nakiomba kwa Mungu wiki nzima? Nikapiga hatua moja kuelekea kule. Nikapiga ya pili. Ya tatu ikanikataa.

Maana nilikuwa nimechelewa, jamani. Nilifika kazi iko katikati, sina jembe, miguuni raba nyeupe. Kwenye msaragambo wa kwetu? Mchelewaji anaimbiwa! Anabebeshwa mawe makubwa, anaulizwa kama ameolewa na kitanda. Na kabla ya yote hayo, kabla hata hujapewa maji ya kunywa, unaulizwa swali moja: wewe ni wa kwa nani? Hawa watu ishirini, hakuna aliyeniuliza.

Nikageuka. "Mama, mbona hamjaniuliza mimi ni wa kwa nani?"

Akatabasamu vilevile. "Ya nini? Hapa hatuulizi."

Nikazitazama zile nyumba vizuri. Hakuna moshi hata mmoja. Hakuna kuku, hakuna mtoto anayelia. Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kile tu nilichoweza. Nilipiga kelele kwa Kipare, kwa sauti yangu yote ya kwaya. Nikasema mimi ni mjukuu wa Namsifu. Nikamtaja babu, nikamtaja baba yake babu, nikautaja ukoo wetu na bonde letu, bila kukosea hata jina moja. Hadi leo najivunia hilo, kwamba pamoja na hofu ile majina ya watu wangu yalitoka yote.

Majembe yakasimama hewani. Tabasamu likawatoka usoni mmoja baada ya mwingine, na chini yake, nakuapia, niliona watu wenye huzuni kubwa. Yule mama akaninyooshea mkono. Nikadhani ananikamata. Akanisukuma begani, kidogo tu, kuelekea njiani.

"Nenda," akasema, kwa Kipare sasa.

Kisha nikasikia sauti nyingine kutoka njiani. "We binti! Una kichaa?"

Nikapepesa macho. Niko peke yangu ndani ya mfereji uliojaa magugu, mikono mitupu. Juu yangu amesimama mama mwenye mzigo wa majani kichwani.

"Mfereji huo umekauka tangu sijazaliwa, unaukwangua wa nini? Na raba nyeupe! Wa kwa nani wewe?"

"Wa kwa Namsifu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Namsifu yule mwenye ng'ombe mwizi? Kala maharage yangu juzi, mwambie sijasahau. Baba yako ndiye aliyehamia Kwakoa? Mbona umekonda hivyo? Hebu tangulia mbele, nikuone."

Nilimrukia nikamkumbatia, majani yakamwagika njia nzima. Alinisema hadi mlangoni kwa bibi, na sijawahi kusikia maneno matamu kama yale.

Nilipomsimulia, bibi hakucheka. Aliitazama mikono yangu, imejaa malengelenge yaliyopasuka, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu.

"Kilikuwa kitongoji," akasema. "Mvua za masika, kilima kikawashukia wakiwa kwenye msaragambo. Mimi bado nilikuwa nabebwa mgongoni. Hakubaki hata mmoja wa kusema nani alikuwa wa nani. Sasa na wao watamuuliza nani?"

Asubuhi tulikwenda pamoja. Mfereji mzima ulikuwa magugu na mawe, isipokuwa kipande kimoja chenye urefu wa kitanda. Hapo udongo ulikuwa mbichi, umelimwa vizuri. Nyayo zilikuwa za raba peke yake. Bibi akaufinya udongo ule kwa vidole, akasema, "Umelima vizuri lakini." Na mimi, pamoja na woga wangu wote, nikafurahi kusifiwa.

Jioni ile nikatuma jibu: naenda kwa bibi mjane. Rehema alisema nimerogwa. Wale wapole wa msituni sina neno baya juu yao, pengine ni watu wazuri kweli. Lakini sikuweza tena.

Huu ni mwezi wa nane niko hapa Ujerumani. Bibi mjane ananisema kila siku: taa, viatu, mlango. Niliposhikwa na homa alikesha pembeni ya kitanda changu, akinisema kwamba sivai soksi. Majirani wa ngazi nzima ya ghorofa letu sasa wananijua, wanajua na Same iko wapi, maana nami huwahoji. Sugu za viganjani hazijaondoka, ingawa sijashika jembe tangu siku ile. Ukungu ukishuka hapa, zinakuwa za baridi.

Kwa hiyo wewe unayetafuta mahali patulivu pa kuishi ugenini, sikia. Usiupende ukimya kabla hujajua huo ukimya umetoka wapi. Anayekupokea bila kujali wewe ni nani, hatajua hata siku ukipotea. Mtafute anayeuliza, hata kama anauliza kwa ukali. Na ukiwa milimani kwetu, ukungu umetanda na baragumu linalia, usiende mpaka mtu aliye hai akwambie ni zamu ya kina nani.

Jumamosi iliyopita bibi alitoka na wajukuu. Kwenye kengele yetu, mlango wa chini, kuna kibao chenye jina lake tu. Nikakata karatasi kwa mkasi, nikaandika jina langu, la baba na la babu. Hayakuenea. Nikakata nyingine, nikaandika kwa herufi ndogo zaidi, yakaenea. Nikashuka ngazi, nikaibandika chini ya jina lake, nikaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika.