Niliulizwa kama dawa ya injini inasafisha au inaficha, nikajibu haraka

Wakuu, nawasalimu. Mlioko kazini, mlioko kijiweni, na nyie mnaosoma kimya kimya bila kuchangia, wote salamu zenu.

Kila nikiingia jukwaa hili nakuta mtu kauliza: zile dawa za kumimina kwenye oili na kwenye petroli, zinasafisha kweli injini ya pikipiki? Na kila mara wataalamu wanajaa. Huyu anasema ni maajabu, yule anasema ni utapeli mtupu, halafu wanatukanana mpaka uzi unafungwa.

Mimi naleta kilichonikuta. Sitaongeza chumvi, hakuna pa kuiongeza. Na Kiswahili changu mtakivumilia, mimi ni mtu wa Kamina, huku Katanga, Kongo, tuna chetu.

Nabeba abiria kwa pikipiki. Huku tunaiita moto tu. Baba yangu ni mkulima wa mahindi na mihogo, shamba lake liko njia ya kwenda Base, ile kambi kubwa ya jeshi. Unga anawauzia wake za askari hukohuko. Miaka yote alikuwa anasukuma baiskeli na gunia nyuma, mpaka magoti yakachoka kabisa.

Nina dada mmoja, Odile, ananifuata mimi. Huyu ni mtu wa kuanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia, mpaka unacheka naye bila kujua mnacheka nini.

Akampenda Serge, kijana aliyezaliwa kwenye nyumba za reli, pale karibu na gare, yaani stesheni. Baba hakufurahi. Serge hakuwa na kosa lolote, ila watu wa reli wametoka kila upande, na baba anapenda kumjua mtu mpaka babu yake alizikwa wapi. Odile akasema ni huyo au hakuna. Baba akakubali, ila akataka kwenye mahari kuwe na moto.

Serge hakuwa na uwezo wa kununua mpya. Akaamua kutoa ileile aliyokuwa anaendesha mwenyewe.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze jambo, maana bila hilo hamtaelewa.

Kwetu, kitu cha mahari kinatakiwa kiwe kizima. Mbuzi wa mahari akifa kabla hajachinjwa, aliyemleta analeta mwingine, yanaisha. Lakini kwanza anaulizwa: ulijua kwamba anaumwa? Kama hakujua, ni bahati mbaya tu. Kama alijua akamleta hivyohivyo, amewatukana wakwe zake. Ndoa inaweza kuvunjika kwa hilo moja.

Haya, tuendelee.

Siku ya mahari moto ikaletwa imeoshwa, inawaka. Mimi ndiye niliyeikagua, maana nyumbani kwetu mambo ya moto ni yangu. Ikashika kwa teke la kwanza. Nikachuchumaa nyuma nikatazama ekzosi muda mrefu. Hakuna moshi. Nikaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi, kikatoka safi. Nikamwambia baba iko vizuri.

Wakuu, baba yangu alifurahi jamani. Alikuwa anavaa viatu vyake vya kwendea misa ili tu aendeshe moto kupeleka unga. Majirani walimcheka mpaka wakazoea. Odile akahamia kwa mumewe, kule kwenye nyumba za reli.

Mvua zilipoanza, baba akiwa anatoka Base, injini ikakwama ghafla. Gurudumu la nyuma likajifunga, akarushwa kwenye zile kokoto za barabara. Wake za askari waliokuwa wanarudi sokoni ndio waliomwokota.

Bega lilivunjika. Hospitali walifanya walichoweza, likaunga vibaya. Mpaka leo mkono wa kulia haupandi kupita kifua. Na ule ulikuwa ndio wakati wa kulima. Nilimkuta shambani amekaa kwenye kisiki, jembe liko miguuni, anatazama tu. Sijawahi kuona kitu kikaniuma vile.

Nikaitazama moto. Oili ilikuwepo, ya kutosha. Teke halishuki hata kidogo, injini imeganda.

Familia ikaitana. Baba mkubwa akatoka Kinkondja, kule ziwani anakokausha samaki, na wengine wakaja. Serge akaitwa. Akaja na baba yake, mzee aliyestaafu reli, ameshika kofia mkononi.

Baba mkubwa akamuuliza Serge lile swali la mbuzi: ulijua inaumwa?

Serge hakuzunguka. Akasema ndiyo, kabla ya mahari ilikuwa inatoa moshi wa bluu kidogo. Vipuri vilikuwa vije na treni kutoka Lubumbashi, na treni zetu mnazijua, haikuja. Siku ilikuwa imekaribia. Basi akanunua dawa mbili sokoni, moja ya petroli na moja ya oili, wakamwambia zinasafisha injini. Akaweka, moshi ukaisha kabisa, akajua imepona.

“Minyi sikuficha kintu,” akasema. “Niliisafisha. Niliwapa kintu ya muzima.”

Hapo baba mkubwa akanigeukia mimi.

“Weye njo unajua mambo ya moto. Ile dawa inasafishaka moteur, ao inafichaka tu ugonjwa?”

Mmeona swali, wakuu? Ni lilelile mnaloulizana humu kila wiki. Ila pale halikuwa la kuburudisha jukwaa. Kama inasafisha, Serge alileta kitu kizima na kilichotokea ni bahati mbaya. Kama inaficha, alituletea mbuzi mgonjwa huku anajua. Odile alikuwa ameketi karibu na mlango, ananitazama.

Nilijibu neno moja.

“Inaficha.”

Mtaniuliza kwa nini. Kwanza, kijiweni kwetu nimeona wajanja wakitaka kuuza moto mbovu, wanamimina kitu kizito kwenye oili, moshi unapotea mpaka mnunuzi afike kwake. Hilo ni kweli na lipo. Pili, nilikuwa na hasira ya bega la baba. Na tatu, hili linanitia aibu kuliko yote, nilipenda kuulizwa. Wazee wale, mimi mdogo, na wote wananisubiri.

Baba mkubwa akasema basi, yamekwisha. Baba yake Serge akavaa kofia akatoka.

Mbuzi wa mahari wakarudishwa, moto ikarudishwa. Kwetu mahari yakirudi, hakuna ndoa tena. Odile akaenda kuchukua nguo zake kule kwenye nyumba za reli. Mimi ndiye niliyembeba. Njia nzima hakuongea, na yule ni mtu wa kuongea mpaka unamwomba apumzike.

Kumbe hayajaisha.

Baada ya siku kadhaa Serge akanipigia. Nilidhani ananitafutia ugomvi. Alikuwa kwa fundi, anataka kufungua injini, na hakutaka ifunguliwe mimi sipo. “Shemeki, kuya uone na macho yako,” akasema. Alikuwa bado ananiita shemeki.

Nikaenda. Fundi akafungua mbele yetu.

Wakuu, ndani ilikuwa inang'aa. Moto ya umri ule ukiifungua unategemea kukuta weusi umeganda kila kona. Hii ya Serge, kichwa cha pistoni kilikuwa safi, kuta safi, mpaka zile pete za pistoni, segments, ambazo kwa kawaida zinagandiana na masizi mpaka moshi unaanza, zilikuwa zimeachia na zinacheza vizuri pale ambapo hazikuchubuka injini ilipokwama. Moshi haukufichwa. Ulikwisha kweli.

Halafu fundi akatoa chujio la oili, lile la chini. Lilikuwa limejaa tope jeusi zito, hata huoni wavu wake.

Fundi akatueleza bila kumcheka mtu. Dawa ile ya oili unamimina, unaacha injini inguruke kidogo imesimama palepale, halafu unamwaga oili yote na uchafu wake, unaweka mpya. Serge alimimina akaiacha humo. Dawa ikabandua uchafu wa miaka yote, uchafu ukashuka, ukaziba chujio. Oili ipo, haipandi. Injini ikakaukiwa huku imejaa oili. Ile ya petroli fundi hakuwa na ugomvi nayo, karburateri ilikuwa safi na haikudhuru kitu.

Kwa hiyo dawa ilisafisha. Ilisafisha sana. Na kusafisha kwenyewe ndiko kulikomvunja baba bega.

Serge alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ambacho kilikuwa kichafu kuliko mikono yenyewe. Ningependa anitukane.

Nikaenda moja kwa moja kwa baba. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi kwa mkono mmoja, gunzi amelibana kwa magoti. Nikamweleza yote, chujio, tope, pete. Nikamwambia nilikosea, Serge hakutudanganya.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole:

“Tulikuuliza mbele ya bantu, ukajibu mbele ya bantu. Sasa jibu ya pili unaniletea tuko babili, huku nyuma ya nyumba?”

Bantu ni watu, babili ni wawili. Nikasema basi tuwaite tena wazee. Akasema baba mkubwa hawezi kutoka Kinkondja mara ya pili kuja kusikia kwamba mara ya kwanza alisikiliza upuuzi. Nimempigia baba mkubwa mwenyewe. Amesema tuone baada ya mavuno. Mavuno gani, na anayelima ndiye huyo wa mkono mmoja? Nalima mimi sasa, asubuhi kabla ya kwenda kijiweni, na nalima vibaya.

Serge ameitengeneza moto. Vipuri hatimaye vilifika. Inawaka vizuri, haina dawa yoyote. Aliileta mpaka kwenye uzio wetu, akaizima, akasubiri. Baba hakutoka. Akaondoka nayo.

Odile alikuwa ndani, alisikia inakuja na akasikia inaondoka.

Mimi nikamfuata jikoni. Nilitaka kumweleza na yeye habari za chujio, nilikuwa nimeshaanza hata kuonyesha kwa mikono jinsi oili inavyopanda. Akanikatiza, bila hasira, anakoroga sufuria yake.

“Yaya, ungesema tu kama hauyue.”

Maana yake, kaka, ungesema tu kwamba hujui.

Maneno yale yalikuwa mepesi kuyasema siku ile mbele ya wazee, na yangetosha. Wangesema basi, tufungue injini kwanza tuone. Tungefungua. Dada yangu angekuwa kwake leo.

Basi wakuu, kwa mwenye kuuliza kuhusu dawa, jibu langu ni hili. Zipo zinazosafisha. Zipo za kufichia moshi tu, hizo ni za wauzaji wajanja. Ukiweka ya kusafisha oili, mwaga oili yote baadaye na safisha chujio, usije ukaiacha mle. Na injini ya zamani iliyochafuka muda mrefu, afadhali ifunguliwe na fundi, isafishwe kwa mikono. Zaidi ya hapo sijui.

Tena nalirudia kwa sababu nilichelewa kulisema. Sijui.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kufungua injini baada ya kutumia dawa hizo aseme alichokiona kwa macho yake. Na kama kuna mtu humu ambaye kwao mahari yalisharudishwa halafu wazee wakakubali kuketi tena, naomba aniambie walianzia wapi. Wengine, kama hamjui, andikeni tu kwamba hamjui. Nitawasoma wote.