Mpira Niliouona Ukibonyea

Injini ya dizeli inayokosa hewa ina sauti yake. Haigongi wala haipigi kelele. Inavuta pumzi kwa shida, inaguna, kisha inatema moshi mweusi mzito ambao ukishauvuta unaukuta kooni hadi jioni. Sauti hiyo niliifahamu nikiwa na miaka kumi na moja, kiangazi kimoja huko Nyahanga, mjini Kahama, ambako baba yangu alikuwa na gereji ndogo ya mabati. Sakafu yake ilikuwa udongo ulionyweshwa oili miaka mingi mpaka ukawa mweusi na mgumu kama lami. Mimi, Kabula, ndiye mtoto wake wa kwanza, na kila nilipotoka shule nilipitia pale kabla ya kwenda nyumbani. Nilipenda kukaa na baba. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono mikubwa, na watu walikuja hata kutoka Geita kumletea magari yaliyowashinda wengine.

Kiangazi hicho shangazi Minza, mdogo wake baba wa pekee, alikuwa mjamzito. Aliishi Mwakitolyo akiwapikia wachimbaji wa dhahabu, na alikuwa amekaa kwenye ndoa miaka minane bila mtoto. Mumewe, Luhende, niliyemwita mjomba, alikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mawe kutoka mashimoni kwenda kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe. Kule vumbi halitui. Ni jeupe, laini kama unga wa muhogo, linaingia kwenye chakula, kwenye nguo zilizokunjwa ndani ya sanduku, na kwenye injini za magari. Pikapu ilianza kuishiwa nguvu na kutoa moshi, mjomba akaileta kwa baba. Shangazi alikuja naye, akakaa kwenye kigoda nje ya gereji, tumbo limemtangulia, akiwa na furaha ambayo hakujaribu kuificha. Alinishika mkono akauweka tumboni kwake. "Msalimie mdogo wako," aliniambia. "Mwambie awahi, tumechoka kumsubiri."

Baba alianza na hewa, kama fundi yeyote wa huku kwetu angeanza. Alifungua chujio la hewa, ambalo mafundi huliita eakilina, akalikuta limejaa vumbi, akalipuliza kwa upepo mpaka likabaki safi. Gari lilipata nafuu kidogo, lakini moshi haukuisha. Hapo akaamini kwamba habari ya hewa imekwisha, akahamia kwenye dizeli. Siku mbili zilizofuata alibadilisha filta, akachomoa nozeli zinazonyunyizia dizeli kwenye injini na kuzisafisha moja moja, akazirudisha. Siku ya tatu alipanda kwenye kiti cha dereva ajaribu. Boneti ilikuwa wazi imemziba macho, kwa hiyo aliniita nisimame mbele. "Kabula, tazama hapo kwenye nozeli. Ukiona dizeli inavuja, niambie." Akakanyaga mafuta. Nilizitazama nozeli kwa makini, zilikuwa kavu. Lakini pembeni yake kulikuwa na mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, na kila baba alipokanyaga sana, mpira ule ulibonyea katikati kama mashavu ya mtu anayefyonza embe, kisha akiachia unafura tena. Niliuona ukifanya hivyo mara tatu au nne. Nilidhani ndivyo unavyofanya kazi.

"Vipi?" aliuliza.

"Haivuji, baba."

Aliniuliza kuhusu dizeli, nikamjibu kuhusu dizeli. Moshi uliobaki alisema ni masizi ya zamani yanajisafisha. Akalizungusha gari mtaani, tupu, kwenye barabara tambarare, nalo likakimbia vizuri. Mjomba na shangazi wakaondoka nalo mchana huohuo, shangazi akitupungia mkono kupitia dirishani.

Haikupita wiki mbili. Asubuhi ya Jumamosi shangazi alishikwa na uchungu, na muuguzi wa zahanati akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Walimlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu, wanawake wanne wakapanda naye kumshikilia. Yaliyotokea njiani tulisimuliwa na mmoja wao. Walipofika kwenye mlima wa mchanga gari likaanza kuguna. Mjomba akakanyaga mafuta, likapungua nguvu. Akakanyaga zaidi, likazidi kupungua, likasimama. Kila alipoliwasha na kulikimbiza lilifanya vilevile. Leo najua kwamba angekanyaga kidogo tu, polepole, pengine lingepanda. Lakini mwanamume anayemsikia mkewe akilia nyuma yake hawezi kukanyaga kidogo. Walikaa juani mpaka likapita lori la pamba likawachukua. Shangazi alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hana uhai.

Jumatatu gari lilivutwa kwa kamba hadi kwenye gereji yetu. Baba alikuwa hajala tangu Jumamosi. Alipanda kwenye kiti, na mimi, bila kuitwa, nikaenda kusimama mbele. Alipokanyaga, mpira ukabonyea, na safari hii kuta zake zikashikana kabisa, hewa isipite.

"Baba," nikasema, "huu mpira unajibana."

Alishuka. Aliniweka mimi kwenye kiti, akanionyesha pa kukanyagia, akaenda kusimama nilipokuwa nimesimama. Nikakanyaga. Aliinua mkono niache, lakini hakuondoka pale. Baadaye aliufungua ule mpira, akauminya kwa vidole. Mvuke wa oili ulikuwa umeulainisha kwa ndani miaka na miaka hadi ukawa mlegevu kama utumbo, ingawa kwa nje ulionekana mzima.

"Siku ile mpira ulifanya hivi?" aliniuliza.

"Ndiyo, baba."

"Na wewe uliuona."

"Niliuona."

Nilingoja kipigo. Nadhani nilikitaka. Yeye alifuta mikono kwa kitambaa, akavaa shati lake safi, akaondoka kwenda kwa mjomba, nami akanichukua. Mbele ya watu waliokuja kuhani alisema, "Shemeji, gari niliwapa bovu. Mpira wa hewa ulikuwa umekufa, mimi sikuutazama. Kosa ni langu." Mjomba aliinuka akatoka nje. Shangazi alikuwa amelala ameelekea ukutani. Jina langu halikutajwa, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Ndoa yao ilivunjika kabla ya mwaka kwisha. Baba aliendelea na kazi, ila hakumwomba tena mtu amtazamie kitu chochote. Alisimama mwenyewe mbele ya injini, akavuta waya wa mafuta kwa mkono badala ya kukanyaga, macho yake yakihama kutoka bomba moja kwenda jingine. Nami nikawa fundi. Niko Geita, nahudumia magari yanayokwenda migodini. Ninachomeka kwenye gari kifaa cha kupimia hitilafu, chenye kioo, na hewa ikipungua kifaa kinasema, hata kama sikukiuliza. Vijana ninaofanya nao kazi hukilalamikia kwamba kina maneno mengi. Mimi sijawahi kukilalamikia.

Baba alifariki mwaka juzi. Mwaka huu ndipo nilipopata ujasiri wa kwenda Nkome, ambako shangazi anaanika dagaa. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, nikakaa chini karibu yake nikamweleza yote: mpira, nozeli, swali la baba na jibu langu. Hakuacha kugeuza dagaa wake. Nilipomaliza alinitazama mikono, yenye oili kwenye kucha.

"Ulikuwa mtoto, mama," alisema. "Baba yako naye alikuwa binadamu."

Wanafunzi wa sekondari walikuwa wakipita njiani na sare zao, wanacheka, viatu vyeupe kwa vumbi. Shangazi aliwafuata kwa macho mpaka wa mwisho wao.

"Mwaka huu angemaliza kidato cha nne," alisema, akainamia tena dagaa.